Upande wa Uzi Mweusi

Kamina, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Veronika mwanangu,

Kama umenitii, unaisoma barua hii ukiwa umekwisha kuvuka daraja la Bukama, na garimoshi linaelekea Luena. Kama hukunitii, basi bado uko hapa nyumbani, umejificha mahali unaisoma kwa wizi, nami nitakujua kwa macho wakati wa chakula. Lakini nadhani umenitii. Umekuwa mtoto wa kutii tangu udogo wako, na leo jambo hilo linaniogopesha kuliko linavyonifurahisha.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala ya kuamka kabla ya kengele ya masista unaokwenda kuishi nao, wala ya kutokucheka kanisani. Baba yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na kesho stesheni atayasema mara ya nne, maana ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nina neno moja tu, na nimelibeba miaka kumi na minne.

Skapulari iliyo shingoni mwako, vile vitambaa viwili vya Bikira kwenye kamba, ina kitu ndani. Si sala, wala si kipande cha nguo kilichobarikiwa. Ni dawa ya nganga, na aliyeitia humo ni mimi.

Tulia kidogo. Usiivue kwa haraka mbele ya watu. Kama ingekuwa ya kukuunguza ingekuunguza zamani.

Ninapoandika iko mbele yangu mezani, inakauka. Asubuhi ulinipa niifue kwa ajili ya safari, ukaenda misioni kuwaaga wenzako. Wembe wa baba yako nao uko hapa, karibu na wino. Unaijua skapulari yako kuliko ninavyoijua mimi, kwa hiyo unajua kwamba kile kipande cha mgongoni kimeshonwa kwa uzi wa kahawia pande zote nne, na kile cha kifuani kina upande mmoja wa uzi mweusi. Uliwahi kuniuliza, ulipokuwa na miaka saba hivi. Nikakujibu kwamba kilichanika nikakishona. Kilichanika kweli, Veronika. Nilikichana mimi.

Unanijua nilivyo katika kambi hii ya reli. Kila Alhamisi nawakusanya wanawake kwa katekisimu. Mwanamke akija na mtoto aliyefungwa kamba ya dawa kiunoni, ni mimi ninayeinua shati la mtoto na kuuliza, “Na hii iko nini?” mpaka mama mtu aone haya mbele ya wenzake. Wananiogopa kuliko wanavyomwogopa mupe mwenyewe, kwa maana padri walau husamehe. Nimewakatisha kamba wanawake sita au saba kwa mdomo huu wangu. Kisha narudi nyumbani, nakuona umelala na skapulari yako, nami nazima taa.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Kaka zako wawili hukuwahi kuwaona. Wa kwanza alikufa akiwa ananyonya, wa pili akiwa anaanza kusimama. Wewe ulipozaliwa, Mama Agnesi aliomba awe marene wako, mama yako wa ubatizo. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Kasai, mumewe alitia makaa kwenye garimoshi. Hakuwa na mtoto. Alikushonea skapulari hiyo kwa mkono wake, kwa kitambaa alichokiomba kwa masista, na mupe akaibariki siku ya ubatizo wako. Alikuwa hasemi “mtoto wako” akizungumza nami. Alisema “mutoto wetu,” nami nilifurahi, maana mtoto aliyezaliwa baada ya vifo viwili anahitaji watu wengi wa kumwita wao.

Ulipofika miaka minne ukashikwa na homa, mwisho wa mvua. Baba yako alikuwa njiani na kundi lake, wanabadilisha mataruma ya reli. Siku ya pili ulikuwa hunitambui. Nkambo yako, mama yangu mzazi, alikuja kutoka kijijini, akakutazama, hakukaa hata kwenye kiti.

“Batoto babili banakwisha kufwa,” akaniambia. “Na huyu wa tatu, weye unangojea nini?”

“Nangojea baba yake, aende kwa masista kutafuta dawa ya kinini.”

“Kinini itafukuza muntu? Kama muntu iko namukula mutoto kwa buchawi, kinini itamufanya nini?”

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelikariri kwenye katekisimu, neno kwa neno. Lakini alisema jambo lingine: twende sasa hivi, jua likizama itakuwa bure. Na sharti nisimwambie mtu, wala mume, wala padri, wala jirani.

Ninaandika mstari huu polepole, kwa sababu ndipo ninapotaka utazame. Nilikuwa nikimngojea shetani aje kwa sura aliyochorwa kwenye picha ya kanisani, mwenye mapembe, au kwa mlio wa bundi juu ya nyumba. Kwa huyo nilikuwa tayari kabisa. Alikuja na sauti ya mama yangu, akashika kile nilichokipenda kuliko vyote, yaani wewe, akakivuta. Alikuwa na haraka, na alitaka siri. Tangu siku hiyo sauti yoyote inayoniambia “sasa hivi” na “usimwambie mtu” kwa pumzi moja, hata ikiwa inanitajia jina la Bikira, nywele zinanisimama. Lakini siku hiyo sikujua. Nilikufunga mgongoni tukaenda.

Nganga alikuwa mzee mpole. Ningependa kukuambia alitisha, lakini alikupapasa paji la uso kama babu yako. Aliiona skapulari, nikafikiri ataikasirikia. Akatabasamu.

“Hii ya mupe iko muzuri,” akasema. “Minyi sikatazi. Utatia tu na hii yangu ndani, bikae bibili.”

Unaona, mwanangu? Hakuna aliyenitaka nimkane Mungu. Wangenitaka nimkane ningekimbia, nina hakika, hata nikiwa nawe mgongoni. Niliambiwa niongeze. Kama vile sokoni, ukishapimiwa unga wako sawasawa, unamwangalia muuzaji machoni mpaka akutupie kiganja cha juu, matabishi. Nilitaka matabishi juu ya ubatizo wako. Ukiniuliza dhambi yangu ina jina gani, sijui mapadri wanaiitaje, mimi naiita hiyo. Wanasema mshika mawili moja humponyoka. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba mimi sikuponyokwa na hata moja.

Na kabla hatujatoka, nganga akanipa neno la mwisho. “Muntu wa kwanza mwenye atakuja asubui kuuliza mutoto, njo ule mwenye iko namukula. Usimufungulie.”

Nilirudi, nikafumua kile kipande cha mbele upande mmoja, nikatia ile dawa, unga kidogo uliofungwa kwenye kijitambaa, mdogo kuliko punje ya hindi. Uzi wa kahawia sikuwa nao. Nikashona kwa mweusi.

Asubuhi, kabla king’ora cha reli hakijalia, mlango ukagongwa. Alikuwa amebeba uji kwenye sufuria ndogo, ameifunika kwa kitenge chake ili usipoe.

“Mutoto wetu iko je leo?”

Ni nani mwingine angekuja kwanza? Nakuuliza wewe sasa, kwa kuwa mimi sikujiuliza. Anayekuja wa kwanza asubuhi kumwulizia mtoto mgonjwa ni yule ambaye hakulala. Nganga hakuhitaji kujua lolote. Alinitegea mtego ambao ungemnasa yeyote anayetupenda, na aliyetupenda kuliko wote alikuwa Mama Agnesi.

Nilisimama mlangoni nikamwambia, “Mutoto wangu. Hapana wetu.”

Akafikiri nimechanganyikiwa kwa uchovu. Akaniwekea sufuria miguuni, akaondoka. Nikaumwaga uji uani, nikaumwagia mchanga juu ili kuku wasile. Sufuria niliirudisha kwenye kizingiti chake bila kugonga mlango.

Mchana baba yako akarudi, akaenda mbio kwa masista, akaleta kinini. Siku ya tatu ulikaa kitako ukaomba bukari ule. Na hapo ndipo nilipofungwa, Veronika, si siku ile ya nganga. Ulipona. Kama ungekufa ningeitupa dawa ile kwa hasira, na yule mzee pamoja nayo. Lakini ulipona, na sikujua ni nani wa kumshukuru. Inawezekana ilikuwa kinini. Inawezekana ilikuwa rozari za Mama Agnesi, maana nilimsikia ukutani usiku kucha akisali, nikaziba masikio nikiamini anakuloga kwa Salamu Maria. Sikuthubutu kukitoa kile kitu. Kila mwaka uliokaa hai ulikuwa mwaka mwingine wa kutothubutu.

Baba yako hakujua. Mpaka leo hajui. Alifikiri tumegombana na Mama Agnesi kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. “Banamuke,” akasema, “matata yenu haiishe,” akaendelea kula.

Miaka miwili tuliishi na ukuta mmoja bila salamu. Ulimwulizia marene wako mara nyingi mwanzoni. Nikakuambia hakutaki tena. Ndiyo, nilikuambia hivyo. Ulikuwa na miaka mitano. Ukalia siku moja, halafu ukaacha, na tangu hapo hukumpa mtu mwingine mkono wako kwa urahisi. Watu husema Veronika ni mtulivu, amezaliwa kuwa sista. Mimi najua utulivu huo ulianza siku gani.

Kisha mume wa marene wako akahamishwa kwenda Luena, kwenye machimbo ya makaa. Siku ya kuondoka Mama Agnesi alikuja mpaka langoni, hakuingia.

“Minyi sijue nilikukosea nini,” akasema. “Kama nilikukosea, unisamehe.”

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: ameungama! Nikajisikia nimeshinda. Nikakumbuka ile methali waliyotufundisha shuleni, kikulacho ki nguoni mwako, nikajipongeza kwamba nimemjua wangu mapema na kumwondoa. Na kweli kilikuwa nguoni, mwanangu, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Mwanamke aombe msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na mimi nione ni ushahidi. Mtu akikasirika nilisema ni mchawi anayekasirika; akinyamaza, ni mchawi anayenyamaza; akisali, anasali kinyume. Woga ukikuingia hivyo hakuna jambo jema ambalo jirani anaweza kulifanya likawa jema. Ukiwa huko kwa masista, ukiona moyo wako unampimia mmoja wao namna hiyo, ujue unashambuliwa, na mshambuliaji si yule sista.

Nilianza kuona siku ya mtoni. Ulikuwa na miaka kumi. Kamba ya skapulari ilikatika ukiwa unafua, ikachukuliwa na maji hatua chache, ikakwama kwenye matete. Ulipiga kelele watu wakaja mbio wakidhani ni mamba. Nilipokufikia ulikuwa unatetemeka mwili mzima, unasema, “Nitakufwa, mama, nitakufwa.” Sikuwa nimekufundisha maneno hayo. Nilikuwa nimekufundisha Salamu Malkia. Lakini mtoto huchukua kwa mama kile kilichomo, si kile anachofundishwa. Hukuwa ukimtumaini Mama wa Mungu; ulikuwa ukikishikilia kile kitu, kama mimi, bila hata kujua kwamba kipo.

Tangu siku hiyo nimejua. Kujua hakukunisaidia kitu. Ningependa barua hii iseme kwamba nilijua nikapiga magoti nikashinda, ndivyo ninavyowaambia wanawake wa Alhamisi. Nimepiga magoti sana. Nimekwenda kuungama kila mwezi miaka kumi na minne: hasira, masengenyo, uvivu wa sala. Hili nililiruka kila mara. Jumamosi iliyopita niliingia nikiwa nimeapa, kwa kuwa unaondoka, na nilipofungua mdomo nikasikia ninaungama kwamba nilimsengenya mke wa mpiga kengele. Mupe akanipa Baba Yetu tatu. Nilizisali zote.

Na leo. Asubuhi ulipoivua ukaniwekea mkononi, ulisema kichwa kinakuuma kidogo. Umelia tangu jana na wadogo zako, hukulala, lazima kiume. Lakini moyo wangu uliruka. “Umeona?” ikaniambia ile sauti. “Dakika moja tu ameivua.” Niliitambua, Veronika! Niliitambua papo hapo, kwa haraka yake, kwa jinsi ilivyotaka nisikuambie. Nilijua jina lake na njia aliyoingilia. Kisha nikashika wembe, nikaweka ncha kwenye uzi mweusi, na mkono wangu ukakataa. Nikasali. Nikashika tena. Mara ya tatu nilikata mshono mmoja, nikaona kijitambaa kile kimekuwa cheusi kama tumbaku, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ile ulipokuwa hunitambui. Nikaushona tena. Mwalimu wa katekisimu! Nimeushona tena kwa mkono huu unaoandika.

Niliwaza kuitupa motoni na kukuambia imepotea. Lakini ungelia kama mtoni, ungesafiri na woga huo badala ya huu, na ungekuwa ni uongo wangu wa ngapi sijui.

Kwa hiyo nimeshindwa, na namna yangu ya kushindwa ni hii: ninakuachia wewe. Si haki. Mama ndiye anayepaswa kumwondolea mwanawe mwiba, naye mama yako anakutuma uende nao mpaka Luena.

Mama Agnesi bado yuko huko. Mumewe alifariki. Watu wa reli wananiambia huuza karanga za kuchemsha stesheni, garimoshi linaposimama kunywa maji, na kwamba kila likitoka Kamina huwauliza abiria kama wanamjua msichana anayeitwa Veronika. Wananiambia hayo kama habari ya kuchekesha, mwanamke wa karanga mwenye maswali. Mara tatu nimeanza kumwandikia. “Kwa Mama Agnesi” naliandika vizuri. Baada yake sina neno.

Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Huo ni wangu, na kama sitauomba nitahukumiwa nao. Garimoshi likisimama Luena shuka tu, umwite marene. Mwambie wewe ni nani, ingawa nadhani atakuwa amekwisha kukuona kabla hujafungua mdomo. Na kama utaogopa kuifungua skapulari peke yako, na najua utaogopa kwa kuwa ni mimi niliyekulea, mpe yeye. Usingojee woga uishe kwanza. Mimi niliungojea uishe. Uwe unatetemeka, umpe hivyo hivyo.

Na baadaye utaugua. Kila mtu huugua, hata masista. Itakapokuja homa, sauti itakuja nayo, itakuambia ni kwa sababu ulivua. Sijui jinsi ya kuizima. Ningejua ningekuambia. Najua tu kwamba haipendi kusikiwa na watu wawili, kwa hiyo usikae nayo peke yako. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, hata kama utaona haya, hata kama atakucheka. Mimi nakuambia wewe leo, nimechelewa miaka kumi na minne, na bado naona kama kifua kimepata nafasi ndogo ya kupumulia. Ni ndogo sana. Sitaki kukudanganya kwamba ni zaidi ya hapo.

Nakusikia uani. Unacheka na baba yako, kichwa hakikuumi tena. Nitaikunja karatasi hii niitie kwenye kitabu chako cha sala, nami nitakuambia usikifungue mpaka Bukama, nawe hutauliza kwa nini.

Skapulari imekauka. Utaingia, utainamisha kichwa kama ulivyozoea, nami nitakuvika mwenyewe, pamoja na kilichomo, kwa kuwa sikuweza kukitoa na siwezi kukuambia usoni. Utasema, “Aksanti, mama.” Nami nitaitikia.

Mama yako